Tarakimu Sita

Kwenye semina ya mawakala, kule Area C,
walitugawia soda, karanga, na karatasi ya maneno.
Nywila. Kirusi. Mdukuzi. Kiungo hasidi.
Nilicheka nilipofika kwenye hadaa ya ndoano:
nani atatega ndoano Kibaigwa,
ambako maji yenyewe tunayapangia foleni,
ambako samaki hufika mkavu, tengani, kutoka Mtera?

Karatasi niliibandika ukutani mwa kibanda
pembeni ya kalenda ya mbegu za alizeti.
Wateja waliisoma wakisubiri hela zihesabiwe.
"Kiungo," akasema Chiduo wa mashine ya kukoboa,
"si bizari na mdalasini?"
Hiki hakiungi mchuzi, nikamjibu.
Ukikibonyeza, kinachoungua ni mfuko.
"Na ukuta wa moto?"
Ni ule ukanda tunaoufyeka kuzunguka shamba,
moto wa jirani ukija ukose cha kula.
Akaridhika.
Nami nikajiona mwalimu.

*Ile hela tuma kwenye namba hii,*
nimeifuta kwenye simu za watu hadi kidole kikachoka.
Nilimzuia mama yake Nyemo
asimtumie ada mkuu wa shule asiyekuwepo.
Nilimzuia kijana wa mizani
asilipie fomu ya utajiri.

Halafu ikaja Ijumaa ya msimu.
Malori kumi na saba ya mahindi kando ya barabara ya Morogoro,
pumba hewani, foleni hadi kwa muuza mishikaki,
na simu ikaita.

"Mbukwa," ikasema.

Karatasi haikuniambia
kwamba mwizi naye anaweza kusema mbukwa,
kwa sauti ya kaka wa Mvumi,
ile inayovuta neno taratibu
kama mtu anayefungua zizi alfajiri.
Ndoano, kumbe, haihitaji maji.

Alinitaja: Sechelela binti Malogo.
Alijua namba yangu ya uwakala.
Alijua alizeti imeshuka bei, akanipa pole.
"Laini yako inafungwa saa tisa, dada.
Nimekutumia tarakimu sita.
Nisomee tu, nikuokoe."

Nne. Moja. Moja.
Mteja ananinyooshea noti.
Nane. Sifuri.
Nakumbuka niliinua macho, karatasi ikanitazama,
mstari wa nne:
namba ya uthibitisho haina ndugu.
Tano.

Wanasema tembo alizama, ndipo mji ukaitwa Dodoma.
Watu walisimama wakimwangalia akididimia,
miguu, tumbo, masikio,
na hakuna aliyeweza kuushika mkia.
Salio langu nililitazama hivyo hivyo:
milioni mbili na laki nne,
laki tisa,
elfu sitini,
kisha kitu kidogo kilichobaki juu ya tope,
shilingi mia tatu na hamsini.

Kituoni walinipa namba ya jalada.
"Itunze," wakasema.

Karatasi sijaibandua.
Chini yake nimeongeza kwa kalamu nyekundu:

Usiku hakuungoja, alikuja na salamu,
Moja kisha tena moja, nilimpa kwa nidhamu,
Ya sita ilipokuja, nikaisoma kwa hamu,
Wakikuletea hoja, kata simu, si haramu.

Chiduo akasoma, midomo ikicheza.
"Hili ni shairi au tangazo?"
Risiti, nikamwambia.

Jana simu imeita tena, namba ngeni.
"Mbukwa," ikasema, na moyo wangu
ukataka kuitikia kama nilivyofundishwa kabla sijajua kuhesabu.
Nikakata.
Jioni mdogo wangu akanipigia:
shangazi wa Mvumi amenunua laini mpya,
anauliza kama mbegu zimefika,
na kama kuna jambo amenikosea.